Uandishi wa Hoja na Ushawishi Chuoni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yamekusudiwa wanafunzi wa vyuo vikuu na vyuo vya kati jijini Nairobi, hasa wale wa mwaka wa kwanza wanaosoma Stadi za Mawasiliano na kutakiwa, pengine kwa mara ya kwanza, kuandika insha inayotetea msimamo kwa kurasa kadhaa. Mifano mingi ni ya hapa jijini, kwa kuwa ni rahisi kupima hoja inayohusu jambo unalolijua.

Insha ya hoja na insha ya kushawishi zinatofautiana vipi?

Zote mbili hutetea msimamo, na ndiyo maana huchanganywa. Insha ya hoja humwonyesha msomaji kwa nini msimamo mmoja una mashiko kuliko mingine: huleta ushahidi, hueleza jinsi ushahidi huo unavyofika kwenye dai, na huwapa wapinzani nafasi ya kusikika. Insha ya kushawishi humtaka msomaji aondoke akiwa tayari kutenda jambo, liwe ni kupiga kura, kuchanga, kuacha tabia fulani au kutia sahihi ombi, na kwa hivyo huchanganya mantiki na hisia, taswira na mvuto wa lugha. Hotuba ya mgombea wa uongozi wa wanafunzi ni ya kushawishi, uamuzi wa mahakama ni wa hoja, na tahariri ya gazeti huwa katikati.

Swali likianza kwa "Jadili" au "Tathmini", mhadhiri anataka hoja. Ukiambiwa uandike hotuba au barua ya kuwahimiza watu, anataka ushawishi. Kazi nyingi za chuoni ni za aina ya kwanza, nami nitaegemea huko.

Dai ni nini hasa, na kwa nini mhadhiri huandika pembeni "hili si dai"?

Dai ni kauli ambayo mtu mwenye akili timamu na taarifa za kutosha anaweza kuikataa. "Nairobi ina msongamano wa magari" si dai, kwa sababu hakuna atakayekubishia. "Msongamano unaudhi" ni lalamiko. Lakini ukiandika kwamba Serikali ya Kaunti ya Nairobi inafaa kuzuia matatu kuingia katikati ya jiji asubuhi na jioni, hata kama abiria wengine watalazimika kupanda gari la pili, umetoa dai: umetaja anayepaswa kutenda, umetaja kitendo na mipaka yake, na umekiri gharama.

Ni vyema pia kujua dai lako ni la aina gani, maana kila aina hudai ushahidi wake. Dai la ukweli husema jambo liko au limetokea. Dai la thamani husema ni zuri au baya. Dai la sera husema lifanywe au lisifanywe. Aina ya nne, ambayo wanafunzi huisahau, ni dai la fasili. Mgogoro wa ushairi wa Kiswahili uliopamba moto katika miaka ya 1970, kati ya wanamapokeo walioshikilia vina na mizani na wanamabadiliko waliotunga mashairi huru, ulikuwa kwa sehemu kubwa ubishi wa fasili: shairi ni nini? Pande hizo zisingeafikiana kwa kuhesabu mizani, kwa sababu kilichobishaniwa ni kama mizani ni sharti.

Nimeweka takwimu na marejeleo, lakini bado naambiwa hoja haijasimama. Kasoro iko wapi?

Mara nyingi kasoro haiko kwenye dai wala kwenye ushahidi. Iko katikati yake. Mwanafalsafa Mwingereza Stephen Toulmin, katika kitabu chake cha mwaka 1958, alieleza kwamba hoja huwa na dai, huwa na ushahidi unaolitegemeza, na huwa na kanuni inayoturuhusu kutoka kwenye ushahidi hadi kwenye dai. Kanuni hiyo tuiite kiungo. Katika mazungumzo ya kawaida hatuitamki, kwa kuwa tunadhani kila mtu anayo. Katika insha, kuiacha bila kuitamka ndiko kunakozaa alama za chini kuliko sarufi mbovu, kwa maoni yangu.

Chukua takwimu moja. Kwa mujibu wa sensa, Nairobi ilikuwa na watu 3,138,369 mwaka 2009, na kufikia mwaka 2019 walikuwa 4,397,073. Mwanafunzi wa kwanza anaandika: idadi imeongezeka, kwa hiyo tujenge barabara kubwa zaidi kama ile ya juu ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands. Wa pili anaandika: idadi imeongezeka, kwa hiyo tuache kujenga barabara za magari ya kibinafsi na tuwekeze katika mabasi ya mwendo kasi. Wa tatu anaandika: idadi imeongezeka, kwa hiyo ofisi za serikali zihamishiwe kaunti nyingine. Ushahidi ni ule ule na madai ni matatu yanayogongana. Kila mmoja anaamini jambo ambalo hajaliandika: wa kwanza kwamba barabara pana hupunguza msongamano, wa pili kwamba basi hubeba watu wengi zaidi katika nafasi ile ile, wa tatu kwamba watu huifuata kazi iliko. Ubishi wa kweli uko katika kauli hizo tatu, na msomaji asipoziona kwenye karatasi hana cha kupima.

Mfano mzito zaidi ni uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Kenya wa tarehe 1 Septemba 2017, uliobatilisha uchaguzi wa urais wa tarehe 8 Agosti. Majaji wanne waliubatilisha na wawili wakapinga. Walitofautiana kuhusu uzito wa ushahidi, ni kweli, lakini tofauti iliyokuwa na mafunzo zaidi kwa mwandishi ilihusu kiungo: je, kasoro katika kuendesha uchaguzi na kupeperusha matokeo zinatosha kuubatilisha, au ni lazima ithibitishwe kwamba zilibadilisha matokeo? Walio wengi walishikilia kwamba uchaguzi ni mchakato mzima, na kwamba kukiuka kwa uzito misingi ya Katiba na sheria kunatosha. Waliopinga hawakuona kwamba ilikuwa imethibitishwa kuwa nia ya wapiga kura ilipotoshwa. Soma maamuzi hayo ya pande zote mbili hata kama husomei sheria, na utaona jinsi watu makini wanavyoandika kiungo chao kwa uwazi, kisha wakakitegemeza kwa kifungu cha sheria na kesi zilizotangulia.

Jaribio ninalolipendekeza ni hili. Andika dai lako, andika ushahidi wako chini yake, kisha andika sentensi inayoanza "Jambo hili linathibitisha hilo kwa kuwa…" na uimalize. Ukishindwa kuimaliza, ushahidi huo hauna kazi hapo. Ukiimaliza na kuona kwamba msomaji anaweza kuikataa, basi umegundua aya inayofuata inapaswa kuzungumzia nini.

Naomba kuona aya moja ikirekebishwa.

Hii hapa aya ya kubuni, ya aina inayoonekana mara kwa mara:

"Bodaboda zipigwe marufuku katikati ya jiji. Ajali za bodaboda ni nyingi sana siku hizi. Wataalamu wengi wanasema hivyo. Isitoshe, waendeshaji hawana adabu. Kwa hiyo serikali ichukue hatua."

"Nyingi sana" haina kipimo. "Wataalamu wengi" hawana jina, taasisi wala mwaka. Adabu ni suala jingine kabisa, ambalo limeingizwa ili kuongeza uzito bila kuongeza sababu. Sentensi ya mwisho inarudia ya kwanza ikiwa imepungua, kwa sababu "hatua" inaweza kuwa chochote. Kosa kubwa zaidi ni kiungo kilichofichwa: hata tukikubali kwamba ajali ni nyingi, kwa nini marufuku katikati ya jiji, na si mafunzo, leseni au njia maalumu? Huenda ajali nyingi hutokea kwenye barabara kuu, mbali na katikati ya jiji.

Aya iliyorekebishwa ingesoma hivi: "Marufuku ya bodaboda katikati ya jiji ina maana iwapo tu ajali zinazohusishwa nazo hutokea hapo, na iwapo hatua nyepesi kama vile leseni na kofia za usalama zimekwisha kujaribiwa zikashindwa. Sehemu hii inachunguza masharti hayo mawili kwa zamu." Imepunguza kelele na imejifunga kwa masharti yanayopimika. Mwandishi sasa anajua atafute takwimu gani, na asipozipata ana uhuru wa kubadilisha dai lake kabla ya siku ya kuwasilisha kazi.

Nikieleza maoni ya wapinzani, je, sitadhoofisha hoja yangu?

Utaiimarisha, mradi uyaeleze kwa nguvu zake zote. Mwanasaikolojia wa Marekani Carl Rogers alipendekeza mwaka 1951 kwamba, katika mabishano, mtu aseme lake baada tu ya kueleza upya mawazo na hisia za mwenzake kwa namna itakayomridhisha mwenzake huyo. Kipimo hicho ni kigumu, nacho kinafaa karatasi kama kinavyofaa mazungumzo.

Turudi kwenye dai la kuzuia matatu kuingia katikati ya jiji. Mwandishi mvivu ataandika kwamba wanaopinga ni watu wanaopenda vurugu. Mwandishi makini atakumbuka kwamba mnamo Desemba 2018 serikali ya kaunti ilizuia matatu kuingia katikati ya jiji, wakazi wakatembea masafa marefu kwenda kazini, na amri hiyo ikaondolewa baada ya muda mfupi sana. Ataandika kwamba mfanyakazi anayetoka Kayole, akishushwa Muthurwa ilhali kazi yake iko Upper Hill, ama atembee ama alipe nauli ya pili, na kwamba mzigo huo humwangukia asiye na gari, ambaye hakuwa chanzo kikuu cha msongamano. Hiyo ndiyo pingamizi inayostahili jibu.

Majibu yanayowezekana ni machache. Unaweza kuukataa ushahidi wa mpinzani kwa kuonyesha kwamba si sahihi au umepitwa na wakati. Unaweza kuukubali ushahidi ukakataa kiungo, kwa mfano kwa kusema kwamba mwaka 2018 kilichoshindwa ni maandalizi na si wazo lenyewe, kwa kuwa hapakuwa na usafiri wa kuunganisha vituo. Unaweza kukubali sehemu ya hoja yake na kupunguza dai lako likaingia ndani ya mipaka mipya. Njia hii ya tatu wanafunzi huiogopa, lakini wasahihishaji wengi huithamini kuliko zile mbili, kwa sababu inaonyesha kwamba kuandika kumembadilisha mwandishi fikra.

Pa kuiweka pingamizi? Popote inapozuka akilini mwa msomaji. Desturi ya kuitengea aya moja kabla ya hitimisho inakubalika, ingawa mara nyingi hufika imechelewa.

Tunafundishwa mbinu tatu za Aristotle. Zinahusiana vipi na haya yote?

Aristotle, aliyeishi Ugiriki katika karne ya 4 kabla ya Kristo, alitaja vyanzo vitatu vya kuaminisha vilivyomo ndani ya usemi wenyewe: sifa ya msemaji jinsi inavyojitokeza anaponena, hali ya kihisia anayowatia wasikilizaji, na hoja zenyewe. Zingatia maneno "anaponena". Sifa anayoizungumzia haitokani na cheo chako. Hujengwa ukurasani, unapomnukuu mpinzani kwa haki, unapokiri mpaka wa ushahidi wako na unapoandika jina la mtu bila kulikosea.

Hisia nazo hazijakatazwa katika insha ya hoja. Kisa cha mkazi mmoja aliyebomolewa nyumba kando ya mto kinaweza kumfanya msomaji aone uzito wa takwimu, na hilo ni halali. Kinachokatazwa ni kukifanya kisa hicho kibebe dai ambalo hakiwezi kulibeba, kama vile kudai kwamba ubomoaji wote ni haramu kwa sababu huyu alilia.

Je, methali ni ushahidi?

Hapana, ijapokuwa jibu hili huwaudhi wengi. "Haraka haraka haina baraka" itamsaidia anayepinga mradi, na "chelewa chelewa utapata mwana si wako" itamsaidia anayeuunga mkono, siku hiyo hiyo na mbele ya hadhira ile ile. Methali hufungua aya vizuri, na katika hotuba humfanya msikilizaji ahisi kwamba mnasema lugha moja. Ila ukiona kwamba ukiiondoa hakuna sababu inayobaki, aya hiyo ilikuwa tupu tangu mwanzo.

Ni makosa gani ya kimantiki yanayojirudia zaidi?

Orodha ndefu za makosa ya kimantiki hukaririwa kwa mtihani na kusahauliwa, kwa hiyo nitataja manne tu yanayoonekana kila muhula. La kwanza ni kumshambulia mtu na kuiacha hoja yake, jambo ambalo siasa zetu zimetuzoesha mno. La pili ni kumpachika mpinzani hoja asiyoitoa, kisha kuibomoa kwa shangwe. La tatu ni kudhani kwamba kwa kuwa jambo moja lilitangulia, ndilo lililosababisha la pili: Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa kuanzia tarehe 28 Agosti 2017, lakini mabadiliko yoyote ya usafi wa mtaa baada ya tarehe hiyo hayawezi kuhesabiwa kuwa matunda ya marufuku mpaka umeondoa sababu nyingine, kama vile ratiba mpya ya kuzoa taka. La nne ni kumwekea msomaji njia mbili pekee, ama tujenge ama tuangamie, ilhali njia ziko tano.

Kulitaja kosa kwa jina lake hakutoshi kumshinda mtu. Eleza kwa nini sababu yake haifiki kwenye dai lake.

Nitapata wapi ushahidi nikiwa Nairobi?

Anza na vyanzo vya asili kabla ya makala zinazovisimulia. Shirika la Taifa la Takwimu, KNBS, huchapisha ripoti za sensa na takwimu za uchumi za kila mwaka. Maamuzi ya mahakama husomwa bila malipo katika tovuti ya Kenya Law. Mijadala ya Bunge hurekodiwa katika Hansadi, ambayo ni hazina kwa anayeandika kuhusu sera, kwa kuwa hoja za pande zote zimo humo neno kwa neno. Kifungu cha 35 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaeleza utaratibu wa kuziomba. Omba mapema, kwani majibu huchukua muda.

Maktaba ya chuo chako huwa imelipia hifadhidata za majarida ambazo wanafunzi wengi hawajawahi kuzifungua. Muulize mkutubi. Na unapopata takwimu, andika papo hapo ni nani aliyeikusanya, mwaka gani, na alihesabu nini.

Je, naruhusiwa kuandika "mimi naona"?

Inategemea idara, hivyo uliza. Kwa jumla, "naona" haihitajiki kabla ya dai, maana jina lako liko juu ya karatasi. "Inasemekana" ni mbaya zaidi, kwa kuwa inamficha msemaji.

Maneno kama "huenda" na "kwa kiasi kikubwa" hayafanyi insha ionekane na woga?

Yakizidi, ndiyo. Yakiwekwa mahali pake, hupima nguvu ya dai kulingana na nguvu ya ushahidi, na Toulmin aliyahesabu kuwa sehemu ya hoja yenyewe. Kama ulihoji abiria wa njia moja ya matatu kwa juma moja, dai lako linahusu abiria wa njia hiyo. Neno la kuogopa ni "bila shaka yoyote". Mara nyingi hukaa pale pale ambapo mwandishi alipungukiwa na sababu.

Je, naweza kutumia programu ya akili mnemba?

Fuata kanuni za chuo chako, kwa kuwa vyuo vinatofautiana, na kuwasilisha maandishi yasiyo yako kama yako ni wizi wa kitaaluma popote pale. Zaidi ya kanuni kuna tatizo la kiutendaji: programu hizi zinaweza kutunga marejeleo yasiyokuwepo, yenye jina la mwandishi na mwaka. Rejeleo ambalo hukulifungua mwenyewe usiliandike. Matumizi ninayoona yana faida kwa anayeruhusiwa ni kuiomba programu ipinge dai lako, kisha wewe ukaandika jibu kwa mkono wako.

Nilihoji kondakta, akanijibu kwa Sheng. Nimnukuu vipi?

Mnukuu kama alivyosema, ndani ya alama za kunukuu, kisha ueleze maana kwa Kiswahili sanifu katika sentensi inayofuata. Usimsahihishe ndani ya nukuu, maana hapo hatakuwa tena yeye anayesema. Eleza pia ulimhoji wapi, lini na kwa ridhaa yake, na usitaje jina lake kama hakukuruhusu. Neno lake ni ushahidi wa anavyoiona kazi yake. Ukitaka kusema jambo kuhusu makondakta wote wa jiji, itakubidi uhoji wengine zaidi, wa njia mbalimbali, na ueleze ulivyowachagua.